Fundi wa redio wa Gongoni, Tabora: mvumo kwenye priampu umeisha na waya wa ethi haujakatwa

Wadau wa Tabora mnaopenda sauti safi, naomba niandike kwa urefu kidogo kuhusu fundi mmoja maana hapa mjini wa simu wako kila kona, wa tv wapo, wa kufunga redio kwenye bajaji wapo wengi tu, ila umpate mtu ukimwambia priampu (kile kifaa kinachokuza sauti ndogo kabla haijaingia kwenye amplifaya) inavuma akuelewe bila kukwambia ukanunue sabufa mpya, hapo ndo kazi ilipo. Huyu nimempata Gongoni, mtaa wa ndani, kibanda hakina bango, meza mbili, rafu zimejaa redio za zamani mpaka juu, mzee mwenye miwani na kijana anayemsaidia. Jina siliweki kwa sababu sijamuomba ruhusa. Ukiwa maeneo yale uliza fundi wa redio yule mzee, utapelekwa mpaka mlangoni.

Kifaa chenyewe ni priampu ya santuri, ya kuundwa nyumbani. Baba alituachia santuri nyingi, za bendi za hapa hapa kwetu, Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, na za rumba kutoka Kongo, na tantebo yake, mashine ya kuchezea santuri, bado inazunguka vizuri. Amplifaya za siku hizi hazina sehemu ya kuchomeka tantebo moja kwa moja, sauti inatoka ndogo sana na nyembamba, kwahiyo lazima iwepo priampu katikati. Shemeji yangu anayependa mambo ya umeme akaniundia moja, boksi la chuma kapiga na rangi nyeusi, ndani aisii za NE5532 za kukuza sauti, transfoma ya 15-0-15, regulata 7815 na 7915 za kutuliza umeme, kapasita kubwa mbili za kuhifadhi umeme. Kazi ya mikono yake kwakweli ni nzuri na sauti ya gitaa inatoka ilivyo. Tatizo likabaki moja, chini ya muziki kuna mmmmmmm nzito haikati. Wimbo ukiisha kabla hujanyanyua sindano ule mvumo unajaa chumba kizima, na kwenye nyimbo za taratibu ambapo besi inatembea peke yake unakuta besi na mvumo vimegombana, husikii noti. Shemeji alishahamishiwa kikazi mkoa mwingine, kwa simu tukashindwa kulimaliza.

Kabla ya kwenda Gongoni nilishapeleka kwa fundi mwingine, sitasema nani wala wapi. Yule alifungua, akaangalia sekunde chache, akasema kapasita ni ndogo aweke kubwa zaidi. Akaweka, mvumo uleule. Akasema basi tatizo ni waya wa ethi, ule wa usalama unaoenda ardhini, kata ule mguu wa tatu kwenye plagi mvumo utaisha. Na kweli ukitoa ethi mvumo unapungua, ndo maana ushauri huu umesambaa sana mitaani. Nikakataa, nikaondoka na boksi langu. Hii nitairudia chini maana ni ya muhimu kuliko muziki wenyewe.

Sasa mzee wa Gongoni. Nimeingia asubuhi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, boksi nikaweka mezani nikaanza kueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, afu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mvumo wake ni laini kama mtu anayefumba mdomo, au una makali, unakwaruza?" Nikamwambia sijui kutofautisha. Akasema kalete na amplifaya, tantebo na nyaya zote unazotumia, boksi peke yake halitanambia kitu. Nikarudi nyumbani nikapakia vyote kwenye bajaji.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimheshimu ni kwamba pasi ya kuchomea hakuiwasha kwa muda mrefu sana. Alianza kwa kusikiliza. Akaweka hedfoni, akanipa na mimi upande mmoja, akawa ananionyesha. Volyumu akaishusha mpaka sifuri, mvumo mkubwa ukapotea ukabaki mdogo wenye makali. Akapandisha, ule mkubwa ukarudi na ulikuwa laini. Akasema hapa kuna wezi wawili tofauti, mmoja yuko kabla ya volyumu mwingine yuko baada yake, ukiwatafuta kwa pamoja hutampata hata mmoja.

Akanieleza kwanini priampu ya santuri inasumbua kuliko nyingine, na hapa naomba msome taratibu. Sindano ya kawaida inatoa kama milivolti 5 tu, kitu kidogo mno. Halafu santuri zinapokatwa kiwandani besi inapunguzwa makusudi na sauti za juu zinaongezwa, utaratibu unaitwa RIAA, umetumika tangu miaka ya 1950, na kazi ya priampu ni kurudisha kila kitu mahali pake. Maana yake kama sauti ya hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) inakuzwa mara 100, ya hezi 50 inakuzwa karibu mara 700. Na umeme wetu wa ukutani ni hezi 50. Yani mvumo mdogo ambao kwenye kifaa kingine usingeusikia kabisa, huku unapewa kipaumbele kuliko mwimbaji. Mzee alikuwa anaandika hizi namba nyuma ya karatasi ya kalenda, na kijana wake naye anafuatilia, nikaona huyu mtu anafundisha huku anafanya kazi.

Kisha akatoa plagi ya RCA, ile ya nyaya za sauti, aliyoitengeneza mwenyewe, haina waya, ile ncha ya katikati ameiunganisha na ganda lake la nje kwa tone la risasi. Akachomoa tantebo akachomeka hiyo kwenye ingizo. Mantiki yake ni kwamba ukiziba ingizo hivyo, chochote kinachotoka nje hakiwezi kuingia, kinachobaki ni cha ndani ya boksi. Mvumo ukapungua kidogo tu. Kwahiyo sehemu ndogo ilikuwa inatoka kwenye tantebo na sehemu kubwa iko ndani humu humu. Ile ya tantebo aliimaliza palepale, kuna kawaya kembamba kanakotoka nyuma ya tantebo pembeni ya zile nyaya mbili za sauti, kana kijiuma mwishoni, kazi yake ni kuunganisha mkono wa sindano na graundi, yani ile njia ya pamoja ambayo umeme wa sauti unarudia. Boksi halikuwa na skrubu ya kukishikia kwahiyo kalikuwa kananing'inia. Akaweka skrubu ya shaba nyuma ya boksi, akakafunga. Kama una tantebo inayovuma nenda kaangalie hako kawaya kabla hujafanya lolote, ni bure.

Kipimo kilichofuata ndo kilinishangaza zaidi. Akachukua betri mbili za volti 9, akazichomea nyaya, akakata pawa saplai yote kwenye bodi akaiendesha bodi kwa betri tu. Kimya. Nasema kimya, nilisikia vumbi la kwenye hedfoni. Bodi ya shemeji haikuwa na tatizo lolote, aisii nzima, kapasita nzima. Afu akafanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza, betri akaziacha zinaendesha bodi, ila transfoma akaichomeka ukutani ikiwa palepale ilipofungwa, haijaunganishwa na bodi kwa waya hata mmoja. Mvumo laini ukarudi! Hakuna waya, unapita wapi? Akafungua skrubu mbili za transfoma, akaishika mkononi kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, akaanza kuigeuza taratibu juu ya boksi. Akiilaza mvumo unapanda, akiisimamisha unashuka, akiigeuza robo unakaribia kufa, akizidisha unarudi. Tulikaa pale tunaisikiliza transfoma inavyogeuka, mteja mwingine aliyekuja na redio yake ya betri naye akaomba asikilize. Mzee akasema transfoma za mabati ya kupangwa zina sumaku inayovuja pembeni, na hii ilifungwa sentimita chache tu kutoka kwenye ingizo la sindano, sumaku inaingia kwenye nyaya kwa hewa. Hapo kapasita hata uweke kubwa kama ndoo haisaidii kitu, na mimi nilikuwa nimeshalipia kapasita kwa yule mwingine.

Dawa yake, transfoma akaihamishia kona ya mbali ya boksi, upande wa pili kabisa na ingizo, akaigeuza kwenye ile pembe iliyokuwa kimya. Nyaya mbili za umeme zinazoenda kwenye swichi akazisokota pamoja. Waya wa ingizo akaubadilisha akaweka wenye wavu wa chuma unaouzunguka, mfupi iwezekanavyo.

Akarudisha pawa saplai sasa, betri pembeni. Ule laini haupo tena, ukabaki wenye makali. Huu akasema una hezi 100 na sio 50, kwa sababu dayodi nne, vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinatumia nusu zote mbili za wimbi la umeme na kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde. Na kapasita haijazwi taratibu, inavuta umeme kwa vishindo vifupi vifupi pale wimbi linapofika kileleni. Vishindo hivyo vinapita kwenye waya wa graundi unaotoka katikati ya transfoma kwenda kwenye kapasita. Graundi ya sauti ilikuwa imechomewa kwenye waya huohuo, katikati yake. Sasa fikiria mtaa mzima mko kwenye bomba moja, jirani wa juu akifungua koki maji yako yanayumba. Mzee akapiga hesabu, waya una ukinzani mdogo tu, tuseme ohmu 0.01, kishindo kikiwa nusu ampea unapata milivolti 5. Rudi juu usome sindano inatoa milivolti ngapi. Ni sawasawa! Mvumo unaolingana na muziki wote, na chanzo ni sehemu waya uliposhikiliwa, wala hakuna kitu kilichoungua.

Akautoa ule waya mmoja. Mmoja tu. Akausogeza mpaka upande wa pili wa kapasita, pale umeme ukishatulia, na graundi zote za sauti, ya ingizo, ya volyumu, ya bodi, akazileta sehemu hiyo moja. Makali yakapungua sana. Jeki za ingizo, yale matundu ya kuchomekea nyaya, nazo zilikuwa za chuma zinagusa boksi moja kwa moja, maana yake graundi ilikuwa na njia mbili, moja kwa waya na moja kwa bati la boksi, na njia mbili zikikutana zinafanya duara linalokamata sumaku yoyote iliyo karibu. Akaweka washa (pete) za plastiki jeki zisiguse bati. Boksi likagusa graundi ya sauti sehemu moja tu aliyochagua yeye.

Sasa tuje kwenye ethi. Alipima kwa mita kutoka mguu wa ethi wa plagi mpaka kwenye bati la boksi, inatakiwa isome karibu na sifuri. Mita ikawa inarukaruka, mara ohmu tatu, mara nane, ukigusa boksi inabadilika. Akafungua ile skrubu ya ethi, chini yake kuna rangi nyeusi safi kabisa, skrubu imekaa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Akaikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akaweka washa ya meno, nati, na nati ya pili juu yake isilegee. Mita ikatulia kwenye sifuri nukta kitu. Akaniangalia akasema mwanangu hii ndo kazi niliyoifanya leo, hayo mengine ni muziki.

Nikamweleza kuhusu ushauri wa kukata mguu wa tatu. Hakumsema vibaya yule fundi, ila alinieleza kwa utulivu. Waya wa umeme ukichubuka ndani ya transfoma ukagusa boksi, ethi ikiwepo umeme mkubwa unakimbilia ardhini, fyuzi inakatika, mambo yameisha. Ethi ikiwa imekatwa boksi linaweza kubaki na volti 230 kimya kimya, tena priampu imeunganishwa na amplifaya na tantebo kwa nyaya za sauti kwahiyo navyo vinaweza kuwa na umeme, linasubiri tu mtoto aje abadilishe santuri. Fyuzi ya ampea 13 iliyokuwa kwenye plagi akaitoa pia akaweka ya ampea 3, kifaa kidogo hivi hakina haja ya fyuzi ya pasi ya nguo.

Na mvumo unaoletwa na ethi kweli upo, hakuuficha. Ule mdogo uliobaki volyumu ikiwa sifuri ulikuwa unatokana na priampu na amplifaya zote kuwa na ethi, afu zimeunganishwa tena kwa wavu wa waya wa sauti, duara lingine tena kubwa zaidi, linapita ukutani. Badala ya kukata ethi alifanya hivi, bati la boksi likabaki limeshikwa na ethi moja kwa moja bila kitu katikati, halafu kati ya bati na graundi ya sauti akaweka rizista ya ohmu 10, kakapasita ka nanofaradi 100 sambamba nayo, na dayodi za brij ya ampea 35 alizotoa kwenye kopo lake la vifaa. Ule umeme mdogo wa kuzunguka unakwama kwenye rizista, lakini ikitokea hitilafu kubwa dayodi zinafunguka na kuupitisha kwenda ethi. Usalama upo na ukimya upo. Akanishauri pia vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, na kabla kiangazi hakijakolea nikaangalie fimbo ya ethi ya nyumba, maana udongo wetu huku ukikauka fimbo inashika vibaya, kama ni fupi au imelegea ni kama haipo.

Matokeo? Nimeweka santuri ya Nyanyembe usiku, volyumu ninayosikilizia siku zote, wimbo umeisha nasikia mikwaruzo ya santuri tu na ka-shhh kadogo ukiweka sikio kwenye spika. Hako ka-shhh ni ka aisii na sindano, mzee alishaniambia mapema hakataondoka na asingenidanganya. Ila besi, jamani, besi nimeisikia kwa mara ya kwanza ikiwa na mwanzo na mwisho. Kuna pigo baba alikuwa analiimba kwa mdomo akiwa anafagia uwanja, sikuwahi kujua liko kwenye santuri gani.

Bei, kucheki ni elfu tano na ukitengeneza inakatwa humohumo, yote pamoja na vifaa nimelipa elfu thelathini na tano. Kwa kazi ile naona amenionea huruma, niliongeza kidogo akakataa kwanza afu akampa kijana.

Yasiyonifurahisha yapo na nayasema. Hatoi siku ya kumaliza, ukimuuliza lini anakwambia ikiisha, na hapokei simu akiwa anafanya kazi kwahiyo unapita tu kuchungulia. Kama una shughuli ya harusi Jumamosi usimpelekee Alhamisi. Risiti hana, anaandika kwenye daftari. Alipohamisha transfoma alitoboa matundu mapya bila kuniuliza na yale ya zamani akayaacha wazi, kwa vumbi la Tabora hiyo haifai, nimeziba mwenyewe kwa vipande vya bati. Na boksi zuri la shemeji lina mikwaruzo upande mmoja, angeweza kuweka kitambaa chini. Kibanda nacho ni kidogo, ukija na amplifaya kubwa mtabanana.

Hana transfoma za duara, zile za mviringo ambazo sumaku yake haivuji sana, aliniambia kama nataka niagize Kariakoo ije na basi yeye atafunga. Kwa sasa sioni haja.

Ukienda nenda asubuhi, beba seti nzima na nyaya zako zote hata zile unazoona hazihusiani, na usimpelekee simu, hatengenezi. Ijumaa mchana anafunga kwenda kuswali na mara nyingi harudi mpaka Jumamosi.